Uzito wa Mtu wa Pili

4 Februari

Sindano wangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini barua huchukua wiki mbili kufika na mimi sina umri wa kusubiri shikamoo, kwa hiyo nimeipokea mapema kabisa.

Huku hatujambo. Goti la kushoto limegoma, la kulia linafanya kazi za wawili. Masikio ni yale yale. Kugonga springi za malori maisha yangu yote kumeniachia kengele kichwani, ndiyo maana ile simu uliyonitumia imelala kabatini ndani ya boksi lake kama bibi harusi. Ukipiga nasikia mbu. Barua haina mbu. Jirani yangu fundi viatu amewekewa meno mapya na sasa anacheka hata msibani. Redio ni nzima. Nimeanza kumjibu mtangazaji wa asubuhi, na jana tuligombana.

Sasa shughuli yenyewe. Nataka kuja kukuona. Usikunje uso, nakuona mpaka huku. Tangu tumzike bibi yako hatujatiana machoni, na mtoto niliyemlea kwa uji na makofi sitaki kumjua kwa mwandiko tu.

Basi siwezi kupanda. Kibofu changu hakijui ratiba za mabasi. Mara ya mwisho nilimsimamisha dereva mpaka abiria wakaniangalia kama mimi ndiye niliyetoboa tairi. Safari ni ya siku mbili, nitalala wapi njiani? Na nikifika, mume wako ni mtu mzima na kitanda chake, sina haja ya kumsukumia ukutani.

Nimepata dawa. Juzi kituo cha mafuta niliona pikapu kama yangu, ya kati, si ile ya kubebea kuku wala si ile ya jeshi. Mgongoni ina sanduku pana. Mwenyewe akafyatua vibano pembeni, akasukuma kwa kichwa, na paa likapanda juu kama mtu anayevua kofia! Kuta za turubai zikajikunjua. Ndani kuna kitanda, jiko, sinki. Nyumba nzima, mwanangu. Nilisimama mdomo wazi mpaka yule wa mafuta akaniambia, "Mzee, ama weka mafuta ama mezea mate pembeni."

Mjini yupo muuzaji wa vitu hivyo. Nimempa jina la Tai, maana anavaa tai jua la mchana. Ana vya aina tatu. Kikubwa kina kila kitu ila mke. Cha kati ni fremu ya alumini, kitanda, jiko dogo, basi. Cha tatu ni gamba tupu, paa linanyanyuka lakini ndani ni wewe na upepo. Wewe unashona maturubai ya malori kila siku, unavijua vitu hivi. Nichukue kipi?

La pili: nikifika kwako niegeshe wapi?

Jibu la pili kwanza.

Babu yako,
mwenye pikapu na nia


1 Machi

Shikamoo Babu,

Ya kwako ya mapema nimeipata, hii ni ya halali. Mimi mzima. Mume wangu hajambo, yuko kazini. Karakanani kuna kazi nyingi, tunashona vifuniko vya malori ya saruji na vidole vyangu vimekuwa vigumu kama vyako. Msalimie fundi viatu na meno yake.

Kuhusu kibanda. Usianze na sinki, Babu, nakujua. Fungua mlango wa dereva. Pale kwenye fremu kuna kibandiko kinachosema pikapu yako inaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Hizo kilo si za kibanda peke yake. Maji ni humo humo, gesi, godoro, sufuria, vyombo vyako vya kazi ambavyo najua hutaviacha, na watu waliokaa mbele. Muuzaji atakutajia uzito wa kibanda kitupu. Muulize kikijaa.

Halafu shika turubai kwa mkono. Likiwa la plastiki tupu utaamka asubuhi umelowa kwa pumzi yako mwenyewe. Chukua lililochanganywa na pamba. Angalia mishono ya pembeni: iwe mara mbili, na isilie unapoivuta. Zipu ziwe nene. Zipu nyembamba hufa mwaka wa kwanza, na hufa imefunguka.

Habari ya kuegesha tutaongea. Nyumba kwa sasa imejaa mizigo.

Mjukuu wako,
Sindano


18 Machi

Sindano wangu,

Marahaba, marahaba tena kwa ile ijayo.

Huku mvua imenyesha na paa la chumba chako cha zamani limeanza kuvuja, nimeweka ndoo. Usiku ndoo inagonga, to, to, nami nalala vizuri kidogo, maana angalau kuna mtu anafanya kazi ndani ya nyumba.

Kibandiko nimekiona. Kwa miaka yote nilidhani ni tangazo la rangi. Kinasema mia tano na hamsini. Nikaenda kwa Tai na penseli. Kibanda kikubwa ni kilo mia nne na themanini. Maji, gesi, godoro, sufuria na vyombo vyangu, nimeweka mia moja. Watu wawili mbele: mmoja sabini na tano, mmoja sitini. Ukijumlisha ni aibu tupu, mia saba na kitu.

Lakini umesahau babu yako ni nani? Nimerudi nyumbani, nikainua pikapu kwa jeki, nikaongeza bamba mbili kila upande wa springi za nyuma. Za lori, nilikuwa nimezificha chini ya kitanda tangu enzi za bibi yako, alikuwa akijikwaa anazitukana kwa ukoo wake wote. Sasa pikapu imesimama nyuma juu kama bata anayenusa chini. Inabeba hata kanisa.

Nimeijaribu bila mzigo. Kwenye tuta la kwanza chupa ya chai iligonga dari. Kwenye tuta la pili nilikuwa mimi. Lakini ikipata mzigo itatulia.

Kwa hiyo nachukua kikubwa, chenye sinki. Niambie tu pa kuegesha. Mtaa wenu una upana gani? Kuna geti?

Babu yako,
fundi asiyestaafu


2 Mei

Shikamoo Babu,

Samahani nimechelewa. Huku hakuna jipya. Kazi ipo. Hewa ni vumbi.

Babu, toa hizo bamba. Nakuomba, leo hii. Springi zinabeba, hazisimamishi gari. Breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, tairi ni zile zile, na kibandiko hakijabadilika kwa sababu wewe umelala chini ya gari ukiimba. Wateja wetu wa malori wanafanya hivyo hivyo. Wanaongeza bamba, wanapakia mpaka juu, halafu sisi tunaletewa turubai limechanika tushone, na mwenye lori hayupo kuja kulichukua. Moja liko hapa tangu mwaka jana, nimelikunja mimi. Sitaki kukunja lako.

Chukua cha kati. Kina uzito gani? Hukusema, kwa sababu hukukitazama.

Halafu kitu kimoja. Mbona umehesabu watu wawili mbele?

Sindano


20 Mei

Sindano wangu,

Marahaba.

Nimetoa bamba. Nilinuna siku mbili kisha nikazitoa. Fundi viatu alikuja kunishikia taa, akasema, "Kwa hiyo mjukuu ndiye fundi sasa?" Nikamwambia afunge mdomo, meno yanaingia baridi.

Swali lako la watu wawili sikulisoma vizuri, wino ulikuwa hafifu pale. Hata salamu za mume wako sikuziona kwenye barua ile, nadhani ni wino huo huo.

Nilirudi kwa Tai kukitazama cha kati. Kilo mia tatu na kumi. Na ile mia yangu ya vikorokoro, na watu, inafika mia tano arobaini na tano. Zinabaki tano. Tai akakuna kichwa kwa kalamu. "Mzee, safari unaenda na nani?" Nikamwambia hayo ni mambo ya ndani. "Maana ungekuwa peke yako," akasema, "hapa pangebaki nafasi nzuri ya friji ndogo. Maji baridi, mzee wangu! Nyama!" Nikamwambia friji haijui kuongea. Akasema hata yeye ana mke nyumbani na friji, na anayemsikia usiku ni friji. Kumbe Tai ni mtu.

Nikaomba kulala humo nikipime. Paa likiwa juu nasimama wima bila kugusa. Nimelishika turubai, lina pamba, mishono ni mara mbili na hailii. Zipu nene kama ya koti la askari. Kitanda kiko juu ya kichwa cha gari, unapanda kwa kukanyaga benchi, na goti likakubali. Upande mmoja kuna dirisha la wavu. Benchi nalo linavutwa, linakuwa kitanda cha pili. Nikalala nione dari.

Nikapitiwa.

Sindano, sijalala hivyo tangu msiba. Nilipoamka jua lilikuwa upande mwingine. Tai alikuwa amefunga duka, amevua tai, amekaa nje kwenye ndoo ananisubiri. Akanipa mkono nishuke. Nami sikumwambia, lakini wewe nakwambia: ni kwa sababu kuta ziko karibu. Hapa nyumbani kuna vyumba vinne na mimi naishi kwenye kiti kimoja. Nikikohoa sebuleni, kikohozi kinakwenda mpaka jikoni, hakikuti mtu, kinarudi. Nyumba hii ni kubwa mno kwa kikohozi kimoja.

Basi. Ni cha kati. Bado hujanijibu pa kuegesha. Nimeuliza mara tatu, ya nne nitauliza kwa honi.

Babu


2 Julai

Sindano,

Wiki sita. Nimekwenda posta mpaka yule mama wa dirishani sasa ananiona nikiwa barabarani na anatikisa kichwa kabla sijavuka, ili kuniokolea goti.

Huku sijambo. Ndoo imejaa, nimeimwaga.

Kama nimekuudhi kwa habari ya wino, nisamehe, ni mdomo tu. Kama ni mgonjwa, mwambie mtu aandike. Kama ni posta, basi barua hii nayo haitafika na ninaongea na redio.

Babu


24 Julai

Shikamoo Babu,

Barua zote nimezipata. Wino haukuwa hafifu.

Mume wangu aliondoka mwaka jana, kabla ya mavuno. Hatukugombana sana. Alikwenda kwa kazi ya miezi miwili, akapiga simu kusema haitakuwa miwili, kisha hakupiga. Nyumba ilikuwa kwa jina lake, nikaiacha. Ninaishi chumba cha nyuma ya karakana. Tajiri amenipa kwa sababu nafunga mageti na kuangalia mashine. Kina kitanda, kiti na bomba la maji nje. Mizigo niliyokuambia imejaa nyumbani ni maturubai ya watu.

Mchana si vibaya, mashine kumi na mbili zikilia huwezi kuwaza. Ila zikizimwa jioni na wenzangu wakaenda kwao, Babu, kimya kinaingia masikioni kama pamba. Naacha mashine yangu moja ikizunguka bila kitambaa. Halafu naona umeme wa watu unaliwa, naizima.

Sikutaka ulijue hili. Uliuza mbuzi zako ili nikajifunze kushona, Bibi akanifungia masufuria mapya, mkaniaga kama waziri. Sasa uje unikute nakalia kiti kimoja?

Pa kuegesha hapapo. Hiyo ndiyo sababu sikujibu. Mtaa ni mwembamba, magari hayasimami. Ua wa karakana ni mkubwa lakini geti lina boriti ya chini, malori yenyewe hayaingii, tunashushia nje. Usije sasa. Nikishakaa sawa nitakuita mwenyewe.

Na mtu wa pili mtoe kwenye hesabu. Najua ni kwa nini ulimweka, ndiyo maana sikuuliza tena. Lakini Bibi alishakwenda, Babu. Nunua friji.

Sindano


12 Agosti

Sindano wangu,

Marahaba. Kaa chini kwanza. Kwenye hicho hicho kiti.

Nimecheka mpaka fundi viatu akaja kugonga mlango. Bibi yako kilo sitini! Angekusikia angefufuka akubusu. Bibi yako alikuwa na kilo themanini na tatu, alizipata kwa jasho na alizitembeza kwa maringo. Siku tulipompima zahanati, nesi alisema apunguze, naye akamwambia, "Wewe punguza maneno." Ningemweka yeye kwenye hesabu, ningelazimika kuacha godoro, gesi na suruali yangu.

Sitini ni wewe. Ndivyo ulivyokuwa ulipoondoka hapa, nilikupima mwenyewe kwenye mzani wa chuma chakavu karakanani kwangu, ukiwa na sanduku, kisha tukalipima sanduku peke yake. Umesahau. Mimi sisahau uzito wa kitu nilichokibeba mgongoni.

Nilikuweka tangu siku ya kwanza kwa Tai. Hujaniambia kitu, lakini mtu akiandika "mume wangu hajambo" kwa maneno matatu kila mara, na hata siku moja asimseme kwamba anakoroma, huyo mume hayupo. Mimi nimeoa miaka arobaini, najua mke anavyomsema mume aliye ndani ya nyumba.

Siji kukuchukua. Usinielewe vibaya ukanifungia geti. Huko una kazi yako, na ufunguo wa mageti hapewi kila mtu. Nilichokuwa nataka ni kiti cha pembeni yangu kiwe na ruhusa. Ukitaka kuzunguka nami siku mbili ukarudi, uwe na kilo zako. Ukitaka kukaa tu humo tumezima gari, tusiende popote, nikohoe na wewe uniambie "pole", ni sawa pia. Hukaribishi mtu kwenye kiti kimoja? Mimi nakuja na benchi langu.

Kibanda nimekinunua. Tai na vijana wake walikipachika wakakaza boliti nne, nami nikakaza tena, kwa heshima. Nimeuza zile bamba za springi kwa chuma chakavu na nimeagana na redio kwa amani.

Sasa sikiliza, wewe fundi wa turubai. Umesema geti lina boriti ya chini, malori hayaingii. Ulidhani nimenunua nini? Hili paa linashuka! Ndiyo shughuli yake. Likifungwa, kutoka ardhini mpaka juu ni mita mbili na robo, nimepima mara tatu na fundi viatu ni shahidi. Nenda na utepe wako ukaipime hiyo boriti, uache kuniandikia barua za huzuni kabla hujapima.

Na kama umenenepa sema ukweli. Zimebaki kilo tano tu. Zikizidi nitatoa jiko, lina tisa.

Babu yako,
sabini na tano, bila viatu


30 Agosti

Shikamoo Babu,

Sitini na nane. Toa jiko, chai nitapika mimi.

Boriti nimeipima. Fika jioni, mashine zikishazimwa. Shusha paa, piga honi moja tu, nitakuwa getini. Unapita.

Sindano